Safari ya sikukuu, kioo chenye ufa na mchezo wa “Kama si”

Aliyenishauri nimwage maji ya moto kwenye kioo cha mbele ili barafu itoke upesi, nimeshamsamehe. Imechukua muda. Ilikuwa saa 11 alfajiri, baridi ya kugonganisha meno, gari limejaa mizigo hadi dirisha la nyuma halionekani, na mimi huyo natoka na birika kama bingwa. Barafu iliyeyuka vizuri kabisa. Kisha nikasikia “tak!” Mstari mwembamba ukajitokeza kwenye kona ya chini, upande wa abiria, urefu wa kidole. Kioo kilichoganda kikipigwa na joto la ghafla hutanuka pale palipomwagiwa, sehemu nyingine haina habari, ndipo kinapasuka. Hilo nililielewa sekunde moja baada ya kulihitaji. Mke wangu aliutazama ufa, akanitazama mimi, akaingia garini bila neno. Heri angenitukana.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mafundi walishafunga kwa sikukuu, ufa uko mbali na macho ya dereva, basi tukaondoka nao. Watu watano: mimi, mke wangu, watoto wawili na mama mkwe. Siku mbili kwenda, siku mbili kurudi, theluji mwanzo mwisho.

Sasa, mimi ndiye niliyekuwa nimetangaza kwamba hii itakuwa safari ya shukrani. Nilinunua hadi daftari. Nilikuwa nimesoma kwamba ukiandika mambo unayoyashukuru moyo unachangamka, na kweli utafiti upo: mwaka 2003 wanasaikolojia Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha matokeo ya watu waliofanya hivyo. Nilichoruka katika kusoma ni kwamba kwenye jaribio lao la kwanza watu waliandika mara moja kwa wiki, kwa wiki 10. Mimi niliamuru kila baada ya saa mbili, ndani ya gari, watu wakiwa na njaa.

Raundi ya kwanza mke wangu aliandika: “Nashukuru hita inafanya kazi, kwenye miguu ya dereva.” Binti yetu mkubwa akaandika: “Nashukuru sikukaa katikati.” Mdogo wake, aliyekaa katikati, akaomba asomewe, akasomewa, akaanza kulia. Daftari likafika kwa mama mkwe. Akalishika kwa vidole viwili kama kitu kilichookotwa. “Mwanangu,” akaniambia, “mimi namshukuru Mungu kila pumzi. Simwandikii barua.” Raundi ya pili niliandika peke yangu. Asubuhi ya pili kalamu iliyolala garini ilikataa kutoa wino, nikachukua hiyo kuwa ishara. Daftari liliishia chini ya kiti.

Ni mama mkwe huyohuyo aliyetuokoa. Taa ya upepo wa tairi ilikuwa imewaka (baridi hupunguza presha, kama pauni moja kwa kila nyuzi 5 au 6 zinazoshuka, na mimi niliyapima matairi kukiwa na joto), nikawa najaza upepo nje huku vidole vimekufa ganzi, nikarudi garini nikisema kwa sauti ya kichungaji, “Jamani, tushukuru tuna matairi.” Bibi akasema, “Wewe hebu lalamika kwanza, baba. Utapasuka kama kioo chako.”

Tukaweka dakika 10 kwa saa ya simu. Kila mtu alalamike anavyotaka, hakuna kujibiwa, hakuna kuambiwa “lakini”. Mimi nilianza na barabara, nikaja kwa wanaoendesha bila kufuta theluji kwenye paa la gari ikawaangukia walio nyuma, nikamaliza na aliyenishauri maji ya moto. Dakika ya nne maneno yakaniishia. Niamini, malalamiko ni machache kuliko yanavyojisikia yakiwa tumboni. Dakika sita zilizobaki tulicheka tu, hasa mama mkwe alipomlalamikia marehemu mumewe kwa kukoroma, miaka mingi baada ya kumzika.

“Kama si” ilizaliwa darajani. Mke wangu alikuwa kwenye usukani (mimi nilishavuliwa cheo), akaachia mafuta mapema kabla ya daraja. Nikagumia kwamba barabara ni kavu. Gari lililokuwa mbele yetu likaingia darajani kwa mwendo wake uleule, likazunguka kama pia, likasimama likitutazama, taa kwa taa. Hakuna aliyeumia. Daraja hupigwa na upepo wa baridi juu na chini, kwa hiyo huganda kabla ya barabara iliyolala juu ya ardhi, na barafu yake inaweza kuwa nyembamba kiasi cha kuonekana kama lami iliyolowa. Mke wangu alilijua hilo. Mimi pia nilikuwa nalijua, ila kwa mdomo.

Kimya. Kisha mdogo akasema, “Kama si mama kwenda polepole...” Akaishia hapo. Dada yake akaumalizia, taratibu, akitaja kila kitu ambacho kisingekuwepo. Mikono yangu ilitetemeka kwa mara ya kwanza. Siku nzima nilikuwa nimesema “nashukuru tuko salama” na haikunigusa popote. Kiondoe kitu kwanza, ndipo mkono unakitafuta.

Tangu hapo mchezo haukulala. Watoto, kama kawaida yao, wakauharibu vizuri: “Kama si baba, kioo kingekuwa kizima.” “Kama si bibi kutaka choo, tungefika jana.” Bibi naye: “Kama si bibi, baba yenu asingepata mke.” Hapo hapakuwa na jibu.

Jaribio kubwa lilikuja siku ya kurudi, tulipoteleza na kuzama kwenye theluji kando ya barabara. Kitu cha kwanza nilichofukua ni bomba la moshi. Likizibwa na theluji huku injini inawaka, hewa ya sumu huingia ndani na haina harufu ya kukuamsha. Tukawa tunawasha kama dakika 10 kila saa, dirisha limefunguliwa kidogo. Tulikuwa na mafuta zaidi ya nusu tangi, nami simu nimeiweka kwenye mfuko wa ndani wa shati, maana ikipata baridi chaji hukimbia.

Nikajaribu kuweka kapeti za miguuni chini ya matairi. Mke wangu akakanyaga mafuta, kapeti moja ikaruka nyuma, ikanipita sikioni. Nikatoa silaha yangu ya siri, mchanga wa choo cha paka. Paka hatuna, nilishauriwa ninunue kwa safari. Hawakuniambia kwamba ule unaoshikana ukilowa hugeuka uji. Nilipika uji mzito wa kijivu chini ya tairi mbili, gari likazama zaidi. Dereva wa lori alisimama, akauangalia uji wangu kwa heshima, akaniazima sepetu bila kuuliza. Tukachimba mbele ya matairi, mke wangu akawa anasogeza mbele kidogo, nyuma kidogo, pole pole, hadi gari likajitoa lenyewe. Yule wa lori hakutaka kupokea chochote isipokuwa chai iliyobaki kwenye chupa.

Tulivyoingia garini mdogo akauliza, “Kama si huyo mzee?” Hakuna aliyetaka kuicheza hiyo.

Ufa nao ulisafiri. Kila asubuhi binti alibandika kibandiko cha nyota mahali ulipofikia, na ndugu yake akikisia utalala wapi usiku unaofuata. Tulifika nyumbani na nyota nne, ya mwisho karibu na katikati. Kioo kipya kiligharimu kiasi ambacho mke wangu hukitaja kila nikigusa birika. Fundi alipobeba kile cha zamani, watoto walimfuata hadi kwenye gari lake wakimwomba nyota zao.