Mbwa wako na usingizi wa jirani: kufuga mbwa kwenye parseli ya Goma

Goma, mashariki mwa Kongo, watu wengi hawafugi mbwa kwa mapambo. Wanafuga kwa sababu ya wezi, kwa sababu umeme hukatika, na kwa sababu si kila nyumba ina uwezo wa kumlipa sentineli, yaani mlinzi. Ndiyo maana jirani akilalamika, mwenye mbwa hujibu papo hapo: "Mnataka tuibiwe?" Jibu hilo lina kasoro. Mbwa anayembwekea kila motari (dereva wa pikipiki ya abiria), kila mtoto anayetoka kuteka maji na kila paka apitaye juu ya ukuta, hamlindi mtu. Avenyu (barabara yenu) nzima imeshamzoea. Siku mwizi akiingia kweli na mbwa akabweka vilevile kama jana na juzi, hakuna atakayeamka kupuliza filimbi wala kupiga sufuria. Mbwa mwenye faida ni yule ambaye sauti yake ikisikika saa nane ya usiku, majirani wanajua kuna jambo. Kwa hiyo usingizi wa jirani na usalama wa nyumba yako vinakwenda pamoja, na unayepaswa kuvishughulikia ni wewe.

Anza na uzio. Parseli (viwanja vya nyumba) nyingi zimezungushiwa mbao za mkaratusi, na mbao hizo hupigiliwa zikiwa mbichi. Zikikauka husinyaa, na baada ya miezi michache inabaki nafasi ya kidole kizima kati ya ubao na ubao. Mbwa huweka jicho hapo na kuona miguu ikipita. Anabweka, miguu inapita kwenda zake, naye anaamini ni yeye aliyeifukuza. Kesho atabweka zaidi, maana jana alishinda. Huyo hutamtuliza kwa makelele. Mwondolee kitu cha kutazama. Pigilia papi nyembamba juu ya kila nafasi kwa upande wa ndani, kuanzia chini hadi mita 1.20. Turubai nayo inafaa ikivutwa vizuri na kupigiliwa juu na chini, la sivyo upepo wa ziwani utaipiga usiku kucha na utakuwa umebadilisha kelele moja kwa nyingine. Mabati siyashauri mahali mbwa anaporukia: akiyagonga kwa miguu, mlio wake unazidi kubweka kwenyewe.

Kwenye kartie (mitaa) zilizojengwa juu ya lava ya volkano ya 2002 mbwa hawezi kuchimba chini ya uzio, hakuna udongo. Anachofanya ni kusukuma ubao kwa kichwa upande wa chini, pale misumari ilipoliwa na kutu. Kutu yenyewe huja haraka huku kwetu, kwa sababu moshi wa volkano ya Nyiragongo hutia asidi ndani ya maji ya mvua. Pitia misumari ya chini mara mbili kwa mwaka, kisha jenga safu ya mawe ya lava kwa ndani, kimo cha sentimita 40, ukiyashika kwa saruji ndoo moja na mchanga ndoo nne. Mawe yaliyopangwa tu bila saruji atayasogeza. Penye udongo mambo ni kinyume: ubao atauacha, atachimba, basi fukia mawe hayo kina cha sentimita 30.

Geti lina hatari yake, nayo ni chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Chukudu iliyobeba magunia ikiteremka haisimami ghafla, na mbwa akitoka akakimbilia gurudumu la mbele, dereva anaanguka na mzigo unamwangukia. Motari naye atayumba na abiria wake. Dawa yake ni kizuizi cha pili ndani ya geti: mlango mdogo wa mbao wenye kimo cha mita 1.50, mita mbili kutoka geti kubwa, ili anayefungua geti asiwe amemfungulia mbwa njia. Watoto wafundishwe kufunga wa kwanza kabla ya kufungua wa pili.

Sasa mnyororo. Mbwa anayefungwa kwa mnyororo mfupi mchana kutwa hageuki kuwa mkali kwa wezi tu. Anakuwa mkali kwa kila kitu, pamoja na mtoto wa jirani aliyekuja kuomba chumvi. Akiwa na kibanda na uzio mzuri, mnyororo hauhitajiki. Ukilazimika, mpe waya wa kutembelea: waya mnene uliovutwa kati ya nguzo mbili, urefu wa mita 8 hadi 10, pete inayoteleza juu yake, na mnyororo wa mita mbili. Weka kizuizi kwenye waya mita moja kabla ya kila nguzo ili asijizungushe. Na pima vizuri: akivuta mnyororo hadi mwisho, asifike kwenye uzio hata kidogo. Mbwa aliyefungwa akiruka uzio hujinyonga upande wa jirani, na hakuna maelezo utakayompa jirani huyo yakatosha.

Kusimamisha nguzo juu ya lava kunawashinda wengi, kwa sababu wanachimba walipozoea badala ya kusikiliza jiwe. Lava ina ganda juu na mashimo ya hewa chini yake. Gonga kwa nyundo: panapolia kama mtungi mtupu, hama, panapolia kwa ukavu, hapo ni jiwe zima. Toboa kwa patasi ya chuma na nyundo kina cha sentimita 20 hadi 25, ukilaza tundu kidogo ili chuma kielemee upande usiovutwa na mbwa. Puliza vumbi lote litoke, lowesha tundu, ingiza nondo ya milimita 12 iliyokunjwa kichwa kama kulabu, jaza saruji kipimo kimoja na mchanga laini vipimo viwili. Acha siku tatu kabla ya kufunga chochote. Saruji iking'oka, mara nyingi ni kwa sababu vumbi halikutolewa.

Kibanda kisiegemee ukuta wa jirani. Naona watu wanakiweka hapo kwa sababu ndiyo kona isiyotumika, na upande wa pili wa ukuta ni dirisha la chumba cha kulala. Kiweke karibu na nyumba yako mwenyewe, ili kelele ikusumbue wewe kwanza. Kwa mbwa wa kilo 25, urefu wa mita 1.10, upana na kimo cha sentimita 80, mlango wa sentimita 40 kwa 55 vinatosha. Kipana kupita kiasi hakihifadhi joto, na Goma iko juu, karibu mita 1,500, usiku kuna baridi. Sakafu iinuke sentimita 15 kutoka kwenye mawe.

Wenye mbwa husema: "Mbwa wetu habweki." Mara nyingi hawadanganyi. Mbwa hubweka wao wakiwa kazini au kanisani, na wakirudi ananyamaza. Acha simu ya zamani ndani ya nyumba ikirekodi sauti kwa saa tatu ukitoka, kisha usikilize. Akianza baada ya dakika chache tu na kulia kwa sauti ndefu, anaogopa upweke. Akibweka kwa vipindi, kuna kitu anachokiona au kukisikia. Wa kwanza anahitaji mtu wa nyumbani au matembezi ya nusu saa kabla hujatoka, pamoja na mfupa mkubwa wa ng'ombe usiopikwa (mfupa wa kuku uliopikwa hupasuka kama sindano, usimpe). Wa pili anahitaji ule uzio usio na nafasi.

Kumfundisha neno la kunyamaza kunachukua wiki mbili hivi ukifanya kila siku. Mwache abweke mara tatu, hiyo ni haki yake. Msogelee, sema "basi" mara moja kwa sauti ya chini, weka sambaza kavu (samaki wadogo wa ziwani) mbele ya pua. Hawezi kunusa na kubweka kwa pamoja, atanyamaza. Hesabu hadi tatu, mpe. Kesho hesabu hadi tano, mpaka ufike nusu dakika, halafu samaki aje mara moja moja tu. Kumpigia kelele "nyamaza!" ukiwa ndani ya nyumba hakusaidii, yeye anasikia kwamba na wewe unabweka, basi mnaendelea pamoja. Kumpiga ni kubaya zaidi. Mbwa anayepigwa kwa kunguruma hujifunza kuacha kunguruma, halafu siku moja anauma bila onyo. Kama kuna sentineli, yeye ndiye ampe chakula cha jioni, na mbwa afunguliwe geti likiwa limeshafungwa.

Kinyesi kinaleta uhasama wa kimyakimya. Juu ya lava huwezi kukifukia, na mvua ikinyesha inakisomba hadi parseli ya chini. Kiondoe kila asubuhi kwa beleshi, tia kwenye ndoo yenye kifuniko, nyunyiza majivu. Kuna sababu ya kusema kila asubuhi: mayai ya minyoo ya mbwa yanahitaji wiki mbili au zaidi nje kabla hayajaweza kumwambukiza mtoto anayecheza chini, kwa hiyo anayezoa kila siku anakata mzunguko. Usikitumie kama mbolea ya lengalenga. Kama jirani ni Mwislamu, jua pia kwamba kwa wanaofuata madhehebu ya Shafi mate ya mbwa ni najisi, na chombo au nguo iliyoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa akimlamba kanzu mtu anayekwenda swala ya alfajiri, amemrudisha nyumbani. Saa hiyo mbwa awe ndani.

Kama wewe ndiye unayesumbuliwa, usiende saa nane ya usiku ukiwa na hasira, na usianzie kwenye kundi la WhatsApp la avenyu. Andika saa za kubweka kwa wiki moja, kisha nenda jioni na mtu mzima mmoja. Salamu kwanza, halafu: "Papa, kuko kaneno kadogo tu juu ya imbwa yenu." Taja saa, usitaje tabia za watu wa nyumba hiyo. Mkikosa kuelewana, panda kwa nyumba kumi, kisha kwa shefu (kiongozi) wa avenyu, ukiwa na karatasi yako.

Kumtilia mbwa sumu si suluhisho, ingawa hutokea. Nyama iliyotupwa juu ya uzio inaokotwa na kuku, paka na watoto. Wewe mwenye mbwa mzoeze kula kwenye sahani yake tu, na sahani iondolewe baada ya dakika 20, maana mabaki huita panya na mbwa wa barabarani. Ukimkuta anatoa mate mengi na kutetemeka, mpeleke kwa veterineri (daktari wa mifugo) mara moja pamoja na kipande cha alichokula. Usimnyweshe maziwa wala mafuta. Yanaweza kuingia mapafuni.

Akimuuma mtu, acheni kwanza kutafuta nani ana kosa. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, hata kama ni mkwaruzo. Msipake majivu, pilipili wala kubandika jiwe jeusi. Siku hiyohiyo mtu aende hospitali kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo hutolewa kwa dozi kadhaa katika siku zilizopangwa. Asiikatize kwa sababu kidonda kimepona. Ngozi ikiwa imepasuka, aulizie pia seramu inayochomwa kuzunguka jeraha. Ugonjwa huu huchelewa kujitokeza, kwa kawaida miezi miwili au mitatu, na dalili zikianza karibu hakuna anayepona.

Mbwa asiuawe kwa hasira. Afungwe mahali salama na kuangaliwa siku 10. Akiwa hai na mzima baada ya hapo, hakuwa na virusi kwenye mate siku ile alipouma. Akifa, akipotea au akibadilika tabia, familia ya aliyeumwa iambiwe saa hiyohiyo. Gharama ni za mwenye mbwa: kifungu cha 261 cha sheria ya Kongo ya mikataba na wajibu ya 1888, ambayo bado ndiyo tunayotumia, kinasema mwenye mnyama anawajibika kwa hasara iliyoletwa na mnyama huyo, awe alikuwa chini ya uangalizi wake au alitoroka. "Alikata kamba" haimwokoi mtu. Andikeni makubaliano mbele ya shefu: tarehe, nani analipa nini hadi dozi ya mwisho, na saini za pande zote. Kuku na sungura waliouawa nao ni hivyohivyo, lipa bei ya soko siku hiyohiyo kabla hawajawa kumi katika masimulizi.

Chanjo ya mbwa huanza akiwa na miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka, kisha kwa ratiba ya veterineri. Inahitaji kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo muulize anayekuchanjia friji yake inafanyaje umeme ukikatika. Chupa iliyotoka mfukoni mwa mtu sokoni ni maji tu. Onyesha majirani karte (kadi) ya chanjo bila kungoja waiombe.

Jike akiingia joto, mara mbili kwa mwaka na kwa wiki tatu hivi, madume ya kartie nzima yatalala getini kwako yakipigana. Mfungie ndani siku 21, asitoke bila kamba. Kumhasi dume kunapunguza kuzurura na kupigana, ila hakumfanyi aache kubwekea geti. Anayekuahidi hivyo anakuuzia operesheni. Mimba ni siku 63, na watoto wasitolewe kabla ya wiki nane. Watafutieni wenyewe kabla hawajazaliwa.