Mtoto Akipotea, Muulize Habari za Mjomba Wake

Msimu wa korosho unapofika, kati ya Oktoba na Desemba, wazazi wengi wa Tandahimba na Newala hushinda mashambani na watoto hubaki kwa bibi, na ndiyo majira ambayo sisi wa stendi ya Mtwara mjini huwaona watoto wakishuka garini bila mtu mzima. Wapo waliopotezana na ndugu zao, wapo waliotoroka. Wakiulizwa kwao wapi, wote hunyamaza au hutaja wilaya tu.

Wengi huanza na swali la "Baba yako nani?", nami naliona halifiki mbali. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wamwera ukoo hufuata upande wa mama na mjomba ana kauli kubwa juu ya mtoto, ilhali baba huenda alishaoa kwingine zamani. Tena mvulana aliyetoka jando mara nyingi huwa na jina jipya, hivyo jina analolitaja huenda halimo katika daftari la shule yake. Ni heri ale kwanza, kisha aulizwe mjomba anaitwaje, wanateka maji wapi na kusaga wapi. Mvulana mmoja aliyegoma kusema lolote alipewa na mama ntilie sahani ya wali na samaki, na katikati ya kula akaanza kueleza kwamba bomba likikauka huteremka bondeni na ndoo, na kwamba sikukuu watu huenda kutazama Shimo la Mungu, lile bonde lenye kina kirefu lililoko Newala. "Basi huyu wa Newala, mama," akasema kondakta mmoja, na papo hapo akaanza kuwapigia simu watu wa huko.

Kupajua kwao, hata hivyo, si ruhusa ya kumpandisha gari jioni ileile. Taarifa ifike kwa mwenyekiti wa mtaa, au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au ipigwe namba 116 ya msaada kwa watoto, ambayo haitozwi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua kwamba haki ya mtoto inavunjwa aitaarifu serikali ya eneo lake. Afisa ustawi wa jamii anaweza kumweka mtoto kwa mlezi wa kuaminika wakati hali ya nyumbani inachunguzwa. Watu hulalamika kwamba mambo yanakwenda polepole, lakini mtoto aliyekimbia fimbo, akikabidhiwa kwa yule yule aliyeishika, atatoroka tena, na safari hiyo pengine hataishia Mtwara.

Jambo nisilokubaliana nalo kabisa ni kurusha picha yake katika makundi ya WhatsApp, kwa sababu anayejitokeza upesi akijiita shangazi huenda anatafuta msichana wa kazi. Tangazeni umri, jinsia na lugha anayozungumza, bila sura yake, na jambo moja lifichwe, kama kovu au jina la mdogo wake, ili anayemdai alitaje mwenyewe mbele ya afisa.