Mpira wa 71

Jumamosi moja ya Mei 2016, Columbus, Ohio, kazi yangu ilikuwa kuhesabu. Mimi mtu wa Tanga niliyekulia kwenye soka nilikuwa msaidizi wa kocha wa warushaji katika timu ya besiboli ya watoto, mkononi kimashine cha kubonyeza, mapajani daftari. Kwa sheria za Little League, shirika la besiboli ya watoto, mtoto wa miaka 11 au 12 harushi zaidi ya mipira 85 kwa siku, na akivuka 65 anapumzika siku nne.

Kocha siku hiyo alikuwa safarini. Ana kovu ndani ya kiwiko, la upasuaji ule aliofanyiwa kwanza mrushaji wa besiboli Tommy John mwaka 1974: kano hutolewa kwingine mwilini, ikapachikwa mahali pa ile iliyokatika. Alikuwa amenifundisha kutoufuata mpira kwa macho. Angalia kiwiko. Mtoto akichoka kinashuka chini ya bega, mipira inaanza kwenda juu, na mwenyewe atakuapia hajachoka.

Mrushaji alikuwa mwanangu.

Mpira wa 71, kiwiko kikashuka. Nikaandika namba, nikaipigia mstari. Tulikuwa tunaongoza kwa pointi moja. Nilipomfuata pale kwenye kichuguu cha mrushaji hata hakunipa mpira.

"Baba, niache nimalizie."

Nikamwacha.

Alipofikisha 84 akaingia mpigaji mwingine. Kikomo kikikukuta katikati ya mpigaji, unaruhusiwa kummaliza; kwa hiyo hakuna aliyeweza kunilaumu. Na yule kijana hakuwa na haraka. Alishakosa mara mbili, amebakiza moja tu atolewe, lakini kila mpira uliofuata aliukwangua ukatoka nje ya mstari, na hapo hatoki mtu. 87. 89. 91. Mwanangu akawa anakung'uta mkono kila akirusha, kama aliyeshika sufuria ya moto. Wa 93 ndio uliomtoa. Watu wakapiga kelele, mimi nikiwamo.

Jioni tulikula ugali na samaki. Akamega kwa mkono wa kushoto.

"We, tangu lini?" mama yake akamkemea. "Kula kwa kulia."

Hakumjibu. Alinitazama mimi.

Usiku uleule nikampigia kocha, nimejiandaa kusemwa. Aliuliza kitu kimoja tu: kiwiko kilianza kushuka mpira wa ngapi? Daftari lilikuwa mezani, limefunguliwa palepale.