Usiku Shangazi Alipokataa Kutia Piko

Shangazi yangu aliishi kwa kuchora hina mjini Wete, kisiwani Pemba, na hadi nilipofika umri wa kumsaidia alikwisha kuwapamba maharusi wa nyumba nyingi, wengine wao wakiwa binti za wanawake aliowapamba zamani. Majani ya mhina yaliyokaushwa kivulini yalitwangwa na kuchekechwa kwa kitambaa chepesi, kisha unga ukakandwa kwa maji ya ndimu na chai ya rangi iliyokolea, ukaachwa ulale hadi siku ya pili. Mimi nilikabidhiwa kuchekecha tu, kazi niliyoiona ya kitoto mpaka nilipofahamu kwamba chenga moja ikipita huuharibu mstari mzima.

Usiku ninaoukumbuka ni wa harusi moja ya mwishoni mwa miaka ya 1990. Bwana harusi alikuwa akitoka Unguja, na mama wa bibi harusi alitaka mwanawe achorwe piko, maua meusi tii yanayoonekana vizuri katika picha. Piko hiyo ilikuwa unga wa rangi ya nywele uliouzwa madukani. Mhina, ukandwe vyovyote, hutoa rangi ya chungwa ambayo baadaye hugeuka wekundu wa kahawia. Weusi ule wa haraka hutokana na kemikali iitwayo parafenilinidiamini, na baadhi ya ngozi haziivumilii, huvimba na kutoa malengelenge. Shangazi hakulijua jina hilo, nami nimelisoma ukubwani, lakini alikuwa na desturi ya kumwita mwari siku chache kabla ya harusi na kumtia tone la piko nyuma ya sikio. Safari hii tone lile lilikuwa limeacha baka jekundu lililomwasha binti usiku kucha.

"Dada, hicho ni kijipele tu," alisema mama mtu. "Watu wa Unguja watatucheka."

"Hina nitamtia mpaka iive, lakini piko siitii. Mkitaka, mwiteni mwengine."

Niliogopa, kwa sababu usiku kama ule nyumba kukimbiwa na mchoraji ni aibu, na mchoraji kupoteza harusi ni hasara isiyofichika. Aliyekata shauri ni somo wa bibi harusi, yaani kungwi wake, mwanamke wa maneno machache, aliyesema kwamba ngozi ni ya mwari na mwari ndiye atakayelala nayo.

Shangazi alianza na viganja na nyayo, ambako ngozi ni nene na rangi hushika zaidi, akitumia kijiti cha ukuti alichokichonga mwenyewe, kwani koni za nailoni alizidharau (bila ya haki, kwa maoni yangu, maana zinachora upesi na mstari wake ni mwembamba). Hina ilipokauka aliinyunyizia maji ya ndimu yenye sukari ili isipukutike, akaiacha saa nyingi, akaikwangua bila ya kugusisha maji, kisha akarudia kuchora juu ya mistari ile ile, jani kwa jani, bila ya kutoka nje hata mahali pamoja. Baadaye aliweka karafuu juu ya kikaango cha moto akamwambia binti aikingie mikono ile harufu na joto, akamalizia kwa mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yaliyochanganywa na ya nazi.

Hina huendelea kuiva kwa siku mbili hivi. Wakwe walipowasili, viganja vya binti vilikuwa na rangi ya karafuu kavu, ingawa juu ya mikono, penye ngozi nyembamba, maua yalibaki mekundu. Picha hazikuyaonyesha kama piko ingaliyaonyesha, na mama yule alilitaja jambo hilo alipokuwa akilipa pungufu ya walivyoafikiana. Shangazi alizipokea pesa bila ya kuzihesabu mbele yake. Mwezi huo huo aliitwa na nyumba ya jirani, na jambo la kwanza aliloulizwa ni siku gani mwari apelekwe kutiwa tone.