Kufufua Maytag mbili za Kimarekani hapa Jinja: kumbukumbu ya mradi wangu

Februari

Nimezipata. Mashine ya kufulia na mwenzake wa kukaushia, zote Maytag, bodi ya chuma kizito na taima ya kuzungusha kwa mkono. Hazina kompyuta wala kioo cha kubonyeza. Ukifungua kifuniko unakuta waya, springi, mikanda na swichi, vitu ambavyo mtu mwenye mita na subira anaweza kuvifuatilia kimoja kimoja. Ndiyo maana nilizitaka. Mashine mpya za dukani zikifa bodi yake ya umeme, fundi anakuambia ununue nyingine.

Zilikuwa za familia ya Wamarekani waliofanya kazi ya kanisa hapa miaka mingi, wakarudi kwao. Nyumba ikabaki mikononi mwa dalali, na dalali alikuwa na neno moja tu: "Mzee, hizi zinataka transfoma basi." Alianza na shilingi 900,000 kwa zote mbili, tukamalizana kwa 550,000. Mlinzi wa nyumba ndiye aliyesema jambo la maana zaidi siku hiyo. Alisema ile ya kukaushia "inang'ata", usiiguse bila viatu. Nikaliandika hilo kwenye daftari kabla hata ya kutafuta pikapu.

Nyumbani Walukuba vijana wanne waliishusha ya kufulia wakihema. Mke wangu akaizunguka, akauliza, "Baba watoto, kamba ya kuanikia imekukosea nini?" Swali la haki. Jibu langu ni mvua ya Machi hadi Mei, na nzi wa maembe. Huyo hutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, kisha funza anaingia kwenye ngozi ya mvaaji. Ndiyo sababu Uganda tunapiga pasi mpaka soksi na nepi za mtoto. Joto la mashine ya kukaushia linafanya kazi hiyo hiyo ya pasi.

Kwa wasiozijua, Maytag zilitoka Newton, mji mdogo wa jimbo la Iowa. Whirlpool waliinunua kampuni mwaka 2006, na kiwanda cha Newton kikafungwa 2007. Vipuri vya zile za zamani bado vinauzwa Marekani kwa sababu muundo wa ndani haukubadilishwa ovyo.

Machi, mwanzoni

Kabla ya kuchomeka chochote nilisoma vibati. Ya kufulia: volti 120, hezi 60, yaani mawimbi 60 ya umeme kwa sekunde. Ya kukaushia: volti 120/240, hezi 60. Sisi tuna volti 240, hezi 50. Kila mtu huona tofauti ya volti, hununua transfoma, akadhani yamekwisha. Hezi ndizo zinazoua mota kimyakimya, na transfoma haizibadilishi hata kidogo.

Zilikuja na transfoma yake, boksi jekundu lililoandikwa wati 1000. Nikaijaribu mashine bila nguo. Ilijaza maji, ikafua vizuri, ule mkono wa katikati wenye mapezi ukienda huku na huku. Ilipofika kwenye kukamua ikanguruma tu. Pipa lilisogea kwa uvivu, mota ikapata moto, kinga yake ya joto ikakata. Baada ya muda ikapoa, ikajaribu tena, ikakata tena.

Nikaweka mita kwenye soketi ya transfoma. Mashine ikiwa imezimwa, volti 118. Mota ikianza kukamua, volti zinaporomoka hadi 90. Nguvu ya mota ya kuanzia hupungua kwa mraba wa volti, kwa hiyo kwenye 90 badala ya 120 umebaki na asilimia 56 tu. Mota ya nusu farasi inapoanza hunywa ampea nyingi mara kadhaa kuliko inapokuwa imeshika kasi. Ile transfoma ya wati 1000, hata kama hizo wati ni za kweli, haikuwa na kifua hicho.

Lakini sikuridhika na jibu moja. Nikailaza mashine kwa mgongo juu ya godoro kuukuu na kutazama chini.

Machi, katikati

Chini kuna mikanda miwili, mmoja mkubwa wa kuendesha na mdogo wa pampu. Mkubwa ulikuwa mkanda wa kawaida wa V, wa aina inayofungwa kwenye mashine za kusaga posho, mpya kabisa na umekazwa kama ngoma. Aliyeufunga bila shaka aliona wa zamani umelegea akadhani ni ugonjwa.

Siyo ugonjwa. Kwenye mashine hizi mota moja inazunguka upande mmoja kwa kufua na upande wa pili kwa kukamua, na hakuna klachi ya kushika pipa taratibu. Mkanda wenyewe ndio klachi. Umetengenezwa uteleze kidogo wakati pipa zito linaanza, huku mota, iliyokaa juu ya kitoroli chenye springi, ikisogezwa na kurudi. Ukiweka mkanda unaong'ang'ania, mota inatakiwa kulichukua pipa lote na maji yake kwa mara moja. Na kitoroli chenyewe kilikuwa kimeganda, grisi yake imegeuka nta.

Grisi niliisafisha siku hiyo hiyo na kupaka mpya, na kitoroli kikaanza kucheza. Mikanda halisi nilimwomba shemeji yangu aliyeko Marekani anunue na kumpa mtu anayekuja. Wakati wa kungoja nikageukia umeme.

Kuna kanuni ambayo kila fundi wa kufunga waya za mota anaijua kwa mkono hata kama hajawahi kuiandika. Gawanya volti kwa hezi, na hicho kiwango kibaki kilekile. Kibati kinasema 120 kwa 60, yaani volti 2 kwa kila hezi. Ukiwa na hezi 50, mota hiyo inataka volti 100. Ukiipa 120 kwenye hezi 50, chuma cha ndani kinashiba sumaku kupita kiasi, mkondo unapanda na joto linapanda hata mashine ikiwa haina nguo. Na kanuni haiishii kwenye mota kubwa. Koili za valvu za maji na mota ndogo ya taima nazo zinaifuata.

Nikaenda Kampala, Katwe, kwa fundi anayesokota transfoma mwenyewe. Nikamwomba ya wati 3000, itoe volti 100 na 110.

"Mia?" akauliza. "Mzee, hakuna anayeomba mia. Watu wote wanataka mia na kumi."

Nikamchorea hesabu kwenye karatasi ya sigara. Akaitazama, akacheka, akasema mteja mmoja humletea mota za Kimarekani zilizoungua mara kwa mara, na sasa atamuuzia transfoma badala ya kumfungia waya. Sijui kama atafanya hivyo, maana kufunga waya kuna pesa zaidi.

Aprili

Mikanda imefika. Kwa volti 100, kitoroli chenye grisi na mkanda unaoteleza unavyotakiwa, pipa linapaa polepole kisha linashika mbio. Mota inakuwa ya moto wa kawaida, mkono unavumilia.

Inazunguka pungufu ya Iowa kwa moja ya sita, na hilo haliepukiki. Mota iliyokuwa ikikimbia kama mizunguko 1,725 kwa dakika sasa inakwenda karibu 1,425. Taima nayo imechelewa kwa kiasi hicho hicho, dakika 10 za kufua zimekuwa 12. Nguo zinatoka na unyevu zaidi kidogo. Jirani mwenye kerezo alijitolea kunichongea puli kubwa ya mota ili kurudisha kasi. Nimekataa. Puli kubwa inaongeza mzigo kwa mota ambayo tayari inaishi ugenini, na dakika mbili za ziada hazijanikosesha kitu.

Maji yalinisumbua kuliko nilivyotarajia. Kwanza nyuzi za kukazia za mipira ya maji: za Kimarekani zina nyuzi 11.5 kwa inchi na za bomba zetu za inchi robo tatu zina 14. Zinashikana mzunguko mmoja, unaona kama zimeingia, kisha zinavuja. Ukikaza zaidi unaharibu zote mbili. Nilikata ncha za mipira na kufunga viungo vya hapa kwa klipu.

Pili, tangi langu liko juu ya mnara mfupi. Kila mita ya urefu inakupa sehemu moja ya kumi ya baa, na valvu za mashine hizi hutegemea shinikizo la maji yenyewe kubana raba yake. Shinikizo likiwa dogo, umeme unakatwa lakini valvu haifungi vizuri, na maji yanaendelea kudondoka ndani ya pipa usiku kucha. Watu hubadilisha valvu nzima kwa tatizo hili. Nimeweka pampu ndogo ya kuongeza shinikizo, na kudondoka kumekoma. Bomba la maji moto nimeliunganisha na la baridi kwa kiungo cha Y, vinginevyo ukichagua maji moto mashine inangoja maji ambayo hayatakuja.

Inakunywa, lakini. Mzigo mkubwa ni kama lita 150 pamoja na kusuuza, yaani zaidi ya jerikeni saba. Maji ya kusuuza sasa yanakwenda kwenye pipa la nje kwa ajili ya kudekia.

Mei

Sasa ile inayong'ata.

Marekani nyumba hupewa nyaya mbili za moto na nyutro, waya wa kurudishia umeme, katikati yake. Kati ya moto na moto ni volti 240, kati ya moto na nyutro ni 120. Mashine ya kukaushia inatumia vyote viwili: koili ya joto 240, mota ya kuzungusha ngoma 120. Na katika zile za zamani zenye nyaya tatu, bodi ya chuma imefungwa kwenye nyutro kwa kipande kifupi cha shaba. Kwao ilikubalika kwa sababu nyutro yao iko karibu sawa na ardhi.

Hapa fundi aliyeifunga alipeleka umeme wetu wa 240 kwenye viguu viwili vya moto, pale nyaya za moto zinapofungwa, kisha akatoa "nyutro" kutoka katikati ya koili ya transfoma. Koili ya joto ikafurahi, mota ikafurahi. Lakini ile katikati iko volti 120 juu ya ardhi, na kipande cha shaba kilikuwa bado kipo. Bodi nzima, mlango, kifuniko, vyote vilikuwa na volti 120. Mlinzi alikuwa mkweli kabisa.

Ukiwa na mashine ya namna hii, hiki ndicho kitu cha kwanza: toa hicho kipande cha shaba, funga waya wa ardhi kwenye bodi, kisha pima kwa mita kati ya bodi na kila kiguu. Pasiwe na mawasiliano yoyote.

Mota sikutaka kuitegemeza kwenye transfoma nyingine. Niliipeleka ifungwe waya upya kwa volti 240 hezi 50. Hesabu ni ileile: volti mara mbili, hezi 60 kwa 50, jumla mizunguko ya waya mara 2.4 ya ile ya zamani, kwa waya mwembamba kwa kiasi hicho. Fundi alihesabu mizunguko ya zamani akiikata, akasokota mipya. Mota ndogo ya taima nimeiwekea transfoma ndogo kama ya redio, iliyofungwa pale pale nyaya zake zilipokuwa.

Koili ya joto ilikuwa imekatika. Ya wati 5,000 kwenye 240 inapaswa kusoma omu 11 na nusu hivi, yangu haikusoma kitu. Rafiki alipendekeza tuunge kwa waya wa jiko la koili. Kiungo cha kusokota kwa vidole kwenye ampea 21 ni moto unaongoja siku yake, kwa hiyo nilinunua koili nzima kwa njia ya shemeji yule yule. Ampea hizo pia haziingii kwenye soketi ya 13. Nimevuta waya wa milimita 6 kutoka kwenye boksi kuu, na breka yake ya 32.

Juni

Inakausha. Wasiwasi wangu ulikuwa feni, kwa sababu inazungushwa na mota hiyo hiyo na sasa inasukuma hewa pungufu kwa moja ya sita, wakati koili inatoa joto lilelile. Hewa ikipungua, kinga ya joto inakata kila mara na nguo zinachelewa. Nilifupisha bomba la kutolea hewa, likatoka moja kwa moja ukutani bila kona, na nikasafisha nyuzi za nguo zilizojaa miaka yote hiyo. Kisha nikagundua msaada nisiouomba: umeme wetu jioni hushuka hadi volti 220, na kwenye 220 koili ya wati 5,000 inatoa kama 4,200. Nayo ni pungufu ya karibu moja ya sita. Jioni, basi, mashine inafanya kazi vizuri kuliko asubuhi.

Mzigo mmoja unakula uniti tatu hivi za Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla. Mke wangu ameshatoa hukumu: mashuka na nepi siku za mvua, vingine vyote kambani na pasi. Sina hoja ya kumpinga.

Iliyobaki ni raba ya chini ya pipa la kufulia, inayotoa tone moja moja wakati wa kukamua. Raba mpya iko njiani. Kuitoa ya zamani kunahitaji funguo maalumu ya kushika nati ya pipa, na jirani wa kerezo amesema ataichonga kutoka bamba la chuma, mradi nimpe siku moja ya kufua nguo zake za kazi.