Duranta ya Mama imegoma Limuru

Kwetu Tudor, Mombasa, duranta ya Mama, kichaka cha maua, haitaki kubembelezwa. Jua kali, chumvi ya bahari, mbuzi wa jirani, yenyewe inatoa tu maua ya zambarau na vishada vya tunda za rangi ya dhahabu. Mwaka juzi nilipohamia Limuru kikazi nikabeba vipandikizi 4 kwenye basi, vimefungwa kwa gazeti bichi. Abiria mwenzangu akadhani ni miraa!

Vitatu vikashika. Masika yote majani yalikuwa yakimeta, nikaanza kujigamba. Kumbe adui si mvua wala ile baridi ya Julai. Ni Januari, usiku mkavu usio na mawingu, baridi inashuka hadi sakitu, yaani umande unaganda. Asubuhi moja nikakuta majani meusi, yamelegea kama mchicha uliochemshwa.

Nikampigia Mama huku nimeshika panga.

"Usikate, mwanangu. Ngoja. Kuna bichi chini."

Nilikuwa nishakata mmoja, na huo ndio uliokufa. Miwili niliyoiacha ilichipua kutoka kwenye kisiki baada ya wiki kadhaa. Sasa mmoja uko ndani ya ndoo kuukuu, ukutani panapopigwa na jua la asubuhi, na usiku wa baridi nauingiza jikoni. Umetoa maua. Tunda bado.

Wenye watoto, tunda hizo ni sumu, japo ndege huzila.

Niko Tudor wikendi hii. Mama ameniangalia, akacheka, akanikatia vipandikizi vingine 6.