Jarife la Mjomba

Mwaka 2005 nilikuwa kidato cha pili, na likizo nilizimalizia kwa mjomba wangu Kigombe, njia ya Pangani. Alikuwa na mashua na jarife, ule wavu wa papa wenye macho mapana. Papa wa karibu walishaadimika, kwa hiyo jarife likawa linazamishwa mbali, ukingoni mwa kilindi, penye kina cha minazi minne iliyoungwa. Wakilitega jioni, alfajiri wanaenda kulivuta.

Asubuhi ile walirudi kimya, na mabaharia wa mjomba hawakuwa watu wa kunyamaza. Ndani ya mashua alilala samaki anayenifika kifuani, wa buluu ya chuma, ana madoa meupe kana kwamba amerushiwa chokaa. Ukimpapasa kinyume, magamba yanakwaruza kama msasa. Kilichonitisha ni mapezi. Hayakuota mwilini moja kwa moja kama ya changu au kolekole. Karibu kila moja lilikaa juu ya kigimba cha nyama, mithili ya mkono wa mtoto. Mtu alipommulika tochi, jicho likawaka kama la paka.

Mzee mmoja akasema arudishwe alikotoka. Mchuuzi akauliza bei, akainama, akanusa, akaondoka zake. Samaki alikuwa anavuja mafuta.

Mjomba hakuwa mtu wa kutupa kitu. Akachukua kisu, akampasua tumbo. Yakatoka mayai, lakini si zile punje tulizozoea kukaanga. Yalikuwa mviringo, mekundu yenye umanjano, moja tu linajaza kiganja kama chungwa. Mkaza mjomba akajiziba mdomo kwa upindo wa kanga. Mjomba akaweka kisu chini.

Bwana samaki alifika kwa pikipiki, anapiga kelele hata kabla hajashuka: "Msiguse!"

"Tumeshagusa," mjomba akamjibu.

Ndipo tukalisikia jina: silikanti. Akatueleza kwamba wataalamu waliamini ametoweka tangu enzi za madinosaria, mpaka Desemba 1938, mama mmoja wa makumbusho ya mji wa East London, Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer, alipomwona kwenye lundo la samaki wa meli ya uvuvi. Wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952. Wavuvi wa Komoro walishamjua zamani, wakimwita gombessa. Waliomsahau ni wasomi. Sisi pale ufukweni hatukuwa hata na jina la kumpa.

Kesho yake watafiti wakaja na maboksi ya barafu. Nilipewa kazi ya kushika ncha ya futi, na sijawahi kujiona mtu muhimu kiasi kile. Walimpiga picha ubavu wa kulia, kisha wa kushoto, kwa sababu madoa ya silikanti ni kama alama za vidole: hakuna wawili wanaofanana. Mjerumani Hans Fricke, aliyezama na nyambizi ndogo huko Ngazidja, kisiwa cha Komoro, kuanzia mwaka 1987, aliwatambua mmoja mmoja kwa madoa hayo. Wakakata vipande vya nyama, wakavitia kwenye chupa. Wakang'oa magamba.

"Ana miaka mingapi?" nikauliza.

Mama mmoja mtafiti akaliinua gamba juani. Akasema wanahesabu mistari, kama pete za shina la mti, na kwamba silikanti inakadiriwa huishi miaka 20 hivi. Mjomba wakati huo alikuwa na miaka 43. Nilimwona amepumua. "Kumbe kijana tu," akasema.

Miaka ikapita. Mwaka 2007 Wajapani wa Aquamarine Fukushima, jumba la kuonyeshea viumbe wa baharini, walishusha roboti yenye kamera kwenye bahari yetu, wakawarekodi wakiwa hai. Baadaye eneo likatangazwa kuwa hifadhi ya bahari ya silikanti. Mimi nilishahamia Dar, jarife la mjomba lilishaoza.

Mwaka 2021, nimekaa kwenye daladala, nikasoma kwenye simu kwamba watafiti wa Ufaransa wameyatazama upya magamba ya silikanti 27 kwa mwanga maalumu uliochujwa. Kati ya mistari minene iliyohesabiwa zamani wakakuta mingine myembamba sana, na huo mwembamba ndio mwaka. Samaki huyu hukaribia miaka 100. Mimba hubebwa miaka mitano. Na jike hapevuki mpaka avuke 50.

Nikayakumbuka yale machungwa. Niliposhuka tu, nikampigia.

"Mjomba, yule samaki wa mayai alikuwa amekuzidi umri."

Kimya. Nikasikia redio yake kwa mbali.

"Amenizidi mingapi?"

"Kumi na kitu. Labda zaidi."

"Lo," akasema. "Na mimi nikampasua, hata shikamoo sikumpa."